Yubile Isiyo na Ardhi

Katika riwaya Jubilee (1966), Margaret Walker, binti wa mchungaji Mmethodisti, asimulia maisha ya Vyry, mtumwa wa Georgia, kupitia Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani (1861–1865) hadi baada ya ukombozi. Jina la kitabu latupeleka Walawi 25, ambapo uhuru hauji peke yake: kila mtu hurudishiwa ardhi ya baba zake. Vyry apata uhuru bila ardhi. Mafuriko yamhamisha, kisha nyumba yake yachomwa moto. Hata hivyo asamehe, lakini si kabla ya kuyafunua makovu ya mjeledi mgongoni mwake. Hapo kitabu chatuhukumu sisi wahubiri: mara ngapi tumedai msamaha bila kuyatazama makovu, wala kuuliza habari za shamba?