Macho Hayana Pazia: Mwongozo wa Kupima Filamu Fupi za Zamani

Mwaka 1961 John Wilson alichapisha kisa ambacho kila mpenzi wa filamu fupi za zamani anapaswa kukijua. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika tano hivi ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama majumbani mwao. Kila tendo lilipigwa picha polepole sana: mtu anainama, anaokota kopo, anamwaga maji, anakwenda zake. Filamu ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba ndani yake mna kuku. Wakaupitia mkanda fremu kwa fremu, na kweli, kwenye pembe ya picha, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alipita.

Kwa miaka mingi kisa hicho kimesimuliwa kama ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kutazama sinema. Mimi nakisoma kinyume chake. Watu wale waliona kilichokuwamo. Waliokosa kukiona ni wale walioshika kamera. Wahenga walisema macho hayana pazia, na hapo ndipo ninapoanzia ninapoipima filamu yoyote ya aina hii. Swali ni moja: je, aliyeitengeneza aliyaheshimu macho ya atakayeitazama?

Ninazozungumzia hapa ni filamu fupi za kati ya miaka ya 1930 na 1950: za serikali, za shule na za muziki. Nyingi zilisambazwa kwa mkanda wa milimita 16, ambao Kodak waliuingiza sokoni mwaka 1923. Mkanda huo ulikuwa mwepesi, haukuwa na hatari ya moto kama ule wa majumba makubwa ya sinema, na projekta yake ilibebeka hadi darasani au kwenye gari. Gurudumu moja la futi 400 hutoa dakika 11 hivi za picha na sauti. Katika muda mfupi namna hiyo, kila sekunde isiyo na kazi inajitokeza kama jiwe kwenye wali.

Kwanza, zima sauti

Filamu nzuri hueleweka hata ikiwa bubu. Tazama mikono ya watu, kwa kuwa kazi ya mikono haina maneno ya kuificha. Kielelezo changu ni Night Mail ya mwaka 1936, iliyotengenezwa na kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza chini ya waongozaji Harry Watt na Basil Wright. Habari yake ni nyepesi kabisa: gari moshi la barua linaondoka London usiku kwenda Scotland, na ndani yake watu wanachambua barua mpaka asubuhi.

Kuna kipande kimoja ninachokirudia kila mara. Mikoba ya ngozi iliyojaa barua inafungwa na kuning'inizwa nje ya behewa, ili wavu ulio kando ya reli uidake huku gari likiwa kwenye mwendo wake wote. Nje ni giza, na mfanyakazi mgeni hajui ni lini aitoe. Mzoefu anamfundisha asitegemee macho: asubiri madaraja mawili yapite, kisha ahesabu mapigo 45 ya magurudumu. Kamera inakaa kwenye uso wa yule kijana anayehesabu. Halafu mkoba unatoka, wavu unaudaka, na gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Hakuna aliyetuambia kwamba Posta ina watu hodari. Tumewaona wakiwa hodari.

Sasa weka pembeni yake filamu dhaifu ya serikali yoyote ile, ya nchi yoyote. Ukizima sauti utabaki na ofisa anayenyoosha kidole, jengo jipya, watoto waliopangwa mistari na umati unaopiga makofi. Picha hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye filamu nyingine bila mtu kugundua. Picha isiyo na mahali pake maalumu haikutafutwa, ilijazwa tu.

Pili, fumba macho

Rudisha sauti, kisha usikilize bila kutazama. Filamu nyingi za wakati huo huporomoka hapa: orkesta inavuma mwanzo hadi mwisho, na juu yake msimulizi haachi nafasi ya kupumua.

Listen to Britain ya mwaka 1942 ilipita njia nyingine. Humphrey Jennings na Stewart McAllister walikusanya sauti za nchi iliyokuwa vitani na kuziunganisha kwa dakika 20 hivi bila msimulizi. Wafanyakazi wa kiwanda wako kantini wakati wa chakula, na waimbaji Flanagan na Allen wanawaburudisha. Kabla wimbo haujapoa, muziki umekwisha kuwa wa Mozart, nasi tuko ndani ya jumba la sanaa la taifa jijini London, Myra Hess akiwa kwenye piano. Mshono hausikiki. Wimbo wa kantini na muziki wa jumba la sanaa vimekuwa kitu kimoja, na maana ya filamu nzima imo ndani ya mshono huo. Nakala nyingine zina hotuba ya utangulizi iliyobandikwa mwanzoni kuwaeleza watu watakachokisikia. Filamu yenyewe haikuihitaji.

Msimulizi naye ana mizani yake. Akitaja kisichoonekana, kama jina la mahali, idadi au muda, anafanya kazi ya haki. Akirudia kile ambacho macho yamekwisha kukiona, anapoteza mkanda. Akianza kutuamuru tufurahi au tuone fahari, hiyo ni dalili kwamba picha zimeshindwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, uliza filamu ilimdhani nani

Kila filamu ya mafunzo hubeba picha ya mtu inayedhani inazungumza naye. Kwa wasomaji wa Kiswahili suala hili liko nyumbani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio lililotoa filamu 35 za kuwaelimisha Waafrika kuhusu kilimo, afya na akiba ya fedha. Zilikuwa za milimita 16, na maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Chache mno zimesalia. Mojawapo inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Unapoitazama kazi ya aina hiyo, kumbuka kwamba santuri na mkanda ni vyombo viwili vilivyopaswa kwenda sambamba, na kimoja kikiteleza, maneno hayalingani na picha.

Kisha mwaka 1939 ikaundwa Colonial Film Unit, kitengo cha filamu za makoloni, mjini London, ikadumu mpaka 1955. William Sellers, aliyeiongoza, alishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, kila tendo lionyeshwe lote kwa mfululizo, na hila za kamera ziepukwe. Baadhi ya kanuni hizo, zikisimama peke yake, si mbaya. Mwalimu yeyote mzuri hufuata hatua moja baada ya nyingine. Ubaya uko kwenye sababu. Polepole ya fundi anayetaka uone vizuri haifanani na polepole ya mtu anayeamini kwamba huoni. Ya kwanza huijaza picha vitu vya kutazama; ya pili huimwaga picha ikabaki tupu, na katika utupu huo hata kuku mmoja anakuwa habari kubwa.

Nyingi ya filamu hizo, kama Mr English at Home ya mwaka 1940, zilionyeshwa bila sauti yake yenyewe. Kando ya gari la sinema alisimama mtu wa hapo hapo na kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa lugha yao. Alitafsiri, akaongeza, akalinganisha mambo na maisha ya pale walipo. Kwa hiyo leo ukiikuta filamu ya namna hiyo kwenye hifadhi, usiihukumu kwa haraka kuwa imepooza. Nusu yake ilikuwa ni sauti ya mtu yule, na sauti hiyo haikurekodiwa.

Mambo yalianza kugeuka pale Waafrika walipopewa nafasi ya kubeba hadithi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ilipata filamu ya Muhogo Mchungu, na mhusika wake mkuu aliigizwa na Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu.

Nne, tenganisha kuigiza na kudanganya

Wapo wanaoitupa filamu mara wanaposikia kwamba ilipangwa. Hiyo ni hukumu ya haraka. Lile behewa la kuchambulia barua katika Night Mail lilijengwa studio, na watu wakaambiwa wayumbe kana kwamba gari linakwenda. Lakini waliochambua barua walikuwa watu wa Posta kweli, na kazi waliyoionyesha ndiyo waliyoifanya kila usiku. Kuyumba ni igizo. Kazi ni kweli.

Ilinganishe na Duck and Cover, filamu ya dakika tisa hivi iliyotengenezwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya idara ya ulinzi wa raia, miaka miwili baada ya Wasovieti kulipua bomu lao la kwanza la atomiki. Kobe aitwaye Bert anajificha ndani ya gamba lake, wimbo unashika masikioni, na watoto wanaonyeshwa wakijitupa chini ya madawati. Kwa ufundi wa kufundisha ni kazi safi: somo moja, tendo moja, likirudiwa shuleni, njiani na nyumbani mpaka mwili wenyewe ulikumbuke. Ila bomu la atomiki linalinganishwa na kuunguzwa na jua. Kujikinga na vioo vinavyoruka kuna faida. Kumfanya mtoto aamini kwamba dawati linatosha ni jambo jingine. Mpe fundi alama zake, kisha mpe aliyemwagiza alama zake mbali.

Tano, katika muziki fuata mikono na kivuli

Filamu fupi za muziki zina sehemu yake pekee. Kuanzia mwaka 1940 kampuni ya Mills ya Chicago iliuza mashine iitwayo Panoram, sanduku kubwa la mbao lenye kioo cha kuonyeshea, lililowekwa kwenye baa na mikahawa. Ulitumbukiza senti 10 ukapata wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, uliofuata kwenye mkanda wenye nyimbo nane, kuchagua hukuweza. Filamu hizo ziliitwa Soundies, na ndani yake wamo Fats Waller, Duke Ellington, Louis Jordan na Dorothy Dandridge. Sauti ilirekodiwa kwanza, picha ikafuata. Basi tazama vidole, pumzi na midomo kama vinakwenda na wimbo. Tazama pia mavazi na jukwaa, kwa sababu wanamuziki Weusi mara nyingi waliwekwa kwenye mandhari ya dhihaka. Msanii mkubwa huonekana akiipita mandhari hiyo kwa mbali, na uwezo huo ni sehemu ya kile unachokipima.

Juu kabisa naiweka Jammin' the Blues ya mwaka 1944, dakika kumi za mpiga picha Gjon Mili. Inaanza na duara jeusi lisilojulikana ni nini. Duara linainuka taratibu, nawe unagundua kwamba ulikuwa ukitazama kofia ya Lester Young kutoka juu. Uso wake unatokea, saksafoni inaanza. Nyuma yake hakuna pambo lolote. Mili aliamini kwamba watu wanaopiga muziki, mwanga na giza vinatosha. Hata hivyo giza hilo lina siri: mpiga gitaa Barney Kessel, Mzungu pekee kundini, alifichwa kivulini kwa sababu ya hofu ya kuonyesha Weusi na Mzungu wakipiga pamoja. Mjuzi huyaona yote mawili, uzuri wa kivuli na sababu yake.

Sita, chunguza mkanda wenyewe

Usimlaumu mwongozaji kwa makosa ya miaka. Rangi za Eastmancolor hufifia zikabakiza wekundu, wakati Kodachrome hukaa imara. Anga la waridi si uamuzi wa mtu. Mkanda unaonuka siki umeanza kuoza, na utengwe na mingine. Picha za Panoram zilipitishwa kwenye vioo, hivyo nakala zake za asili zilichapishwa kushoto kwa kulia. Ukitilia shaka, tazama piano: noti nene lazima ziwe upande wa kushoto wa mpigaji. Zikiwa kulia, unatazama nakala iliyogeuka.

Filamu nyingi za aina hii, hasa za Marekani kupitia hifadhi ya Prelinger, zinatazamwa bure kwenye intaneti. Anza na Night Mail na Jammin' the Blues, uyazoeze macho. Kisha tafuta filamu zilizopigwa Afrika Mashariki, uzitazame pamoja na wazee wako. Majina ya wengi waliomo humo hayakuandikwa popote. Mzee akitambua mlima, soko, vazi au sura, liandike jina hilo siku ile ile, uwapelekee wenye hifadhi.