Kigezo cha Nani? Maoni ya Mhakiki wa Mswada na Funzo la Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Uhakiki wa miswada ya kitaaluma una kazi mbili: kumsaidia mhariri kuamua na kumsaidia mwandishi kurekebisha. Maoni mengi hutimiza ya kwanza na kuipuuza ya pili. Kauli kama "nadharia ni dhaifu" hutoa hukumu bila ushahidi. Mwandishi huambiwa kuwa amekosea, lakini haoneshwi ni wapi.

Chanzo kimoja cha udhaifu huo ni kuipima kazi kwa kigezo ambacho haikukikusudia. Historia ya ushairi wa Kiswahili inalidhihirisha jambo hili. K. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alifafanua kanuni za utunzi, zikiwamo vina na mizani. E. Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974), diwani yenye mashairi yasiyofuata kanuni hizo, wanamapokeo walikana kuwa hayo ni mashairi. Pingamizi hilo lilikuwa halali, kwa kuwa lilihusu maana ya ushairi. Hata hivyo, uhakiki uliokomea hapo haukusema lolote kuhusu taswira au fikra za mashairi yenyewe. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliusogeza mbele mjadala kwa kukijadili kigezo chenyewe na kupendekeza fasili pana zaidi.

Kwa hiyo, mhakiki wa mswada hana budi kutenganisha kosa, upungufu na tofauti ya mtazamo. Ichukuliwe mfano wa mswada unaoichambua riwaya ya Rosa Mistika kwa nadharia ya Umarx. Kumtaka mwandishi atumie ufeministi ni kumwagiza aandike makala nyingine. Maoni yenye manufaa yangesema: "Mswada unadai kuwa Rosa anaangamizwa na mfumo wa uchumi, ilhali ushahidi uliotolewa unahusu ukali wa Zakaria nyumbani. Uhusiano wa mambo haya mawili uelezwe, au dai lipunguzwe."

Inaweza kudaiwa kuwa uhakiki wa namna hii unalegeza viwango. Dai hilo linachanganya ujenzi na upole. Maoni yaliyotolewa mfano hapo juu ni makali kuliko "nadharia ni dhaifu", kwa sababu hayamwachii mwandishi mwanya wa kuyakwepa. Hata mswada unaokataliwa unastahili sababu zinazoweza kuthibitishwa. Bila hizo, mtafiti chipukizi hujifunza kumwogopa mhakiki badala ya kuisahihisha hoja yake.