PARADIGM-HF ilipima moyo wa nani?

Wandugu, sipingi ushindi wa PARADIGM-HF (2014). Kwa wagonjwa wenye moyo ulioshindwa kazi, sakubitrili-valsartani ilishinda enalaprili: waliokufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ama kulazwa sababu ya moyo walikuwa 21,8% dhidi ya 26,5%. Lakini waliopimwa njo banani? Watu 8442, wastani miaka 64, weusi karibu 5% tu. Na ambao dawa iliwasumbua katika majaribio ya mwanzo waliondolewa mbele ya kugawa makundi, eti! THESUS-HF ya nchi 9 za Afrika (Kongo haimo) ilikuta wastani miaka 52, chanzo kikubwa tansio. Huyo njo ninayemwona huku Bukavu. Munganga anayeendelea kumwandikia enalaprili, mie simcheki.