Ini, macho, na ile chai ya Wachina

Siku hizi mutu akilalamika macho kuchoka juu ya telefone, kuna mwenye kumushauri chai ya Wachina: goji (vile vitunda vyekundu) pamoja na maua ya krizantemu. Eti inasafisha ini, na ini ikiwa safi macho yanaona. Tuipime hii maneno kabla ya kutoa makuta.

Asili yake ni ya zamani. Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba ya Kichina chenye karibu miaka 2000, kinasema ini linafungukia machoni, na damu yake ndiyo inayoyapa nguvu ya kuona. Lakini hiyo "ini" haiko sawa kabisa na ile ya anatomia. Ni jina la kazi nyingi za mwili, hata hasira imo ndani.

Kuna pahali waligusa ukweli. Katika karne ya 7, munganga Sun Simiao aliagiza ini ya nyama kwa mutu asiyeona giza likiingia. Inaponesha kweli, juu ini linaweka vitamini A, na kukosa hiyo vitamini kunaleta upofu wa usiku. (Siye tuna mawese na sombe, mwili unatoa vitamini A humo pia.) Ila kilichoponesha ni vitamini, haiko ile maelezo ya damu ya ini. Mwanafunzi anaweza pata jibu sawa kwa hesabu ya kombo. Watetezi wa hii tiba wanaruka hapo.

Wachina wenyewe hawakungojea chai. Mao Zedong alipopata katarakti, 1975 munganga Tang Youzhi alimupasua kwa sindano, akiboresha njia ya wazee wao. Tena toka miaka ya 1960 wanafunzi wa China wanakanda pointi za kuzunguka macho kila siku ya masomo. Hesabu ya serikali yao ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba 53.6% ya watoto na vijana hawaoni mbali vizuri. Na utafiti wa Guangzhou uliotoka 2015 ulionyesha kitu cha bure: dakika 40 zaidi za kucheza nje kila siku zilipunguza watoto wapya wenye shida hiyo.

Chai yenyewe, kwa watu wengi, haina ubaya mkubwa. Ubaya ni muda. Glokoma inatupata siye watu weusi zaidi na mapema zaidi. Inakula macho kuanzia pembeni, bila maumivu, na katikati panabaki wazi. Mutu atakunywa miezi sita, atasoma meseji zake vizuri, ataapa amepona, kumbe ujasiri wa jicho unakufa, na kilichokufa hakirudi. Dawa ya matone au kupasuliwa vinaweza kuizuia, kama imeonekana mapema.

Kupima tansiyo ya jicho kunachukua dakika chache. Muuzaji wa chai, umewahi kumuuliza mteja kama kwao kuna aliyepofuka?