Kisanamu na Jicho la Kamera: Uhakiki wa Picha za Maksai wa Udongo wa Sudani Kusini

Katika The Nuer (1940), Evans-Pritchard alieleza jinsi watoto wa Kinuer walivyojenga mazizi ya kuchezea na kuyajaza maksai waliofinyangwa kwa udongo. Visanamu vya aina hiyo vimo leo katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, ambayo imeweka mtandaoni picha za hazina yake kutoka Sudani Kusini. Kwa mtafiti aliyeko Juba, picha hizo ndizo njia ya karibu ya kuvifikia. Kwa hiyo, namna picha inavyopigwa si suala la ufundi pekee. Ndiyo inayoamua ni nini kitakachorudi nyumbani.

Picha ya kawaida ya kumbukumbu za makumbusho huweka kitu mbele ya pazia tupu, chini ya mwanga uliosawazishwa, pengine pamoja na kipimio cha sentimita. Ubora wake hauna shaka: nyufa, rangi na ukubwa huonekana bila udanganyifu. Hata hivyo, Jeremy Coote alionyesha mwaka 1992 kwamba ujumi wa wafugaji wa Kinailoti umejikita katika ng'ombe wenyewe: mpangilio wa rangi za ngozi, nundu, na mkunjo wa pembe. Mfinyanzi mtoto huufuata ujumi huo. Mara nyingi miguu hufupishwa, ilhali pembe hurefushwa kupita uwiano. Mwanga uliosawazishwa hufuta kivuli cha pembe hizo, na hivyo kufifisha kile hasa alichokikazia mfinyanzi.

Ulinganisho wenye manufaa unapatikana mbali na ufugaji. Wakusanyaji wa visanamu vya wahusika wa katuni za Kijapani wamekuza desturi nyingine ya upigaji picha. Hushusha lenzi hadi usawa wa macho ya kisanamu, huweka taa upande mmoja, na hukitengenezea mandhari ndogo inayolingana na kimo chake. Hapo pana kinaya: kilichotoka kiwandani kwa nakala nyingi hupewa nafsi, ilhali kilichofinyangwa mara moja tu kwa mkono wa mtoto mmoja hupigwa picha kama sampuli.

Hata hivyo, desturi ya wakusanyaji haifai kuigwa kikasuku. Huficha ukubwa halisi wa kitu na huweza kuzalisha uzuri usio na habari. Hatari hiyo inaonekana tayari katika picha nyingi za kambi za ng'ombe za Wamundari, upande wa Terekeka, kaskazini mwa Juba: moshi, vumbi na mwanga wa machweo vinavutia, lakini maelezo hayataji jina la mchungaji wala la maksai wake.

Njia inayopendekezwa ni kuunganisha desturi hizo mbili. Kila kisanamu kipigwe picha ya vipimo, kisha picha ya pili kutoka usawa wa ardhi, pale alipokaa mtoto akicheza, kwa mwanga wa upande unaodhihirisha pembe. Picha zote mbili ziambatane na maelezo ya mfugaji anayejua jina la rangi na la umbo la pembe katika lugha yake. Tangu Sudani Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, maelezo ya namna hiyo yanahitajika pia kwa Kiswahili. Lugha hii ipokee istilahi hizo kwa sauti zake, badala ya kuridhika na "ng'ombe mwenye madoa."

Uamuzi huu hauwezi kungoja jengo la makumbusho. Karatasi chakavu za Nyaraka za Taifa huko Juba zimeweza kuhifadhiwa kidijiti miaka mingi baada ya kuandikwa. Maksai wa udongo usiochomwa hana muhula huo. Mvua moja yatosha kumrudisha kuwa tope.