Seli za Mgonjwa Mwenyewe

Mashine ya kuzungushia damu ina breki, na fundi anayetenga seli za kinga huizima breki hiyo kabla hajaiwasha mashine. Muda wa mzunguko ukiisha, huiacha ipunguze mwendo yenyewe mpaka isimame, na dakika hizo za kungoja hazifupishwi. Ndani ya bomba kuna majimaji mazito, na juu yake damu iliyomiminwa polepole kando ya ukuta wa bomba lililoinamishwa ili viwili hivyo visichanganyike. Baada ya mzunguko, seli nyekundu zimezama, plazma imebaki juu, na katikati umejitanda utando mweupe kama ule wa maziwa yaliyopoa. Breki ikikamata kwa ghafla, utando huvurugika, na kinachotafutwa kimo humo humo. Arne Bøyum wa Norway aliieleza njia hii mwaka 1968, na mpaka leo mafundi huifuata.

Kinachotafutwa ni seli ziitwazo wauaji wa asili. Ni chembe nyeupe za damu za kundi liitwalo limfosaiti, kiasi cha 5 hadi 15 katika kila limfosaiti 100, na zina uwezo wa kuua seli ya saratani bila kufundishwa kwanza. Tiba yenyewe ni hii: mgonjwa anatolewa seli zake, zinazidishwa na kuamshwa maabara, kisha anarudishiwa kwa dripu. Mimi napenda kuitazama kazi hii kwa utaratibu, maana uzuri wake umo katika hatua zinazorukwa na wanaoisimulia kwa haraka.

Huanzia kwenye kiti. Mgonjwa huunganishwa na mashine kwa saa kadhaa. Damu hutoka mkono mmoja, chembe nyeupe hubakizwa, na inayobaki hurudi kwa mkono wa pili. Ili damu isigande, mashine huichanganya na sitrati, na sitrati hushika kalsiamu ya mwilini. Ndiyo maana muuguzi mzoefu huuliza mara kwa mara kama midomo imeanza kufa ganzi. Akisikia ndiyo, hupunguza mwendo wa mashine au humpa mgonjwa kalsiamu.

Maabara, utando ukishavunwa, hufuata kuchambua. Vipande vidogo mno vya chuma, vyenye upana wa nanomita 50 hivi, huunganishwa na kingamwili zinazomtambua mlengwa mmoja tu. Seli hupitishwa kwenye safu iliyowekwa ndani ya sumaku: zilizovishwa chuma hunasa, nyingine hupita. Kwanza huondolewa limfosaiti za aina ya T, kwa sababu zikiachwa huweza kuwatawala wauaji ndani ya chupa na kula chakula chao. Kisha wauaji wenyewe huokotwa kwa alama yao. Baada ya saa nyingi za kazi, kilichopatikana ni kichache kiasi cha kumkatisha tamaa asiye na moyo wa subira.

Basi lazima zilishwe, na hapa ndipo ufundi ulipo mzito. Kwa miaka mingi chakula kilikuwa kiamsho kiitwacho intalukini-2 peke yake, na seli zilizidi kwa uvivu. Dario Campana na wenzake wa hospitali ya St. Jude, Memphis, walizipa kitu kingine: seli za saratani ya damu ziitwazo K562, zilizobadilishwa ili zibebe juu ya ngozi yao viamsho viwili, kisha zikapigwa mionzi zisiweze kugawanyika tena. Wauaji wakakutana na adui, wakaamka, wakamuua, wakaongezeka. Huko Houston, kundi la Dean Lee likaweka intalukini-21 juu ya seli hizo za kulishia, na mwaka 2012 likaeleza ongezeko la makumi ya maelfu ya mara katika wiki 3. Kinachonivutia zaidi ya hesabu hiyo ni kwamba seli hazikuzeeka upesi. Ncha za kromosomu zao zilibaki ndefu. Kuzidisha seli na kuichosha ni mambo yanayokaribiana sana, na fundi huyatenganisha kwa kuchagua kiamsho, kipimo na siku ya kuacha.

Wiki hizo huwa na uangalizi wa kila siku. Seli zilizoamka hukusanyika vishada vishada chini ya hadubini. Katika maabara za utafiti zinazotia rangi kwenye maji ya chakula, wekundu hugeuka kuwa njano kadiri asidi inavyozidi, na fundi hujua kwamba seli zina njaa. Zilizokufa hunywa rangi ya bluu. Zilizo hai huikataa. Bakteria hutafutwa, sumu zao pia, na hata mashaka kidogo yanatosha kuutupa mfuko mzima.

Kisha huulizwa swali lenyewe: je, zinaua? Jibu hutafutwa kwa kuwapa seli za saratani waziue, na hapa historia inapita Nairobi. Katika miaka ya 1960, daktari mpasuaji Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alikuwa akipeleka vipande vya uvimbe wa Burkitt, saratani ya limfosaiti, kwa watafiti George na Eva Klein huko Stockholm. Kutokana na uvimbe wa kijana mmoja wa Kenya zilipatikana seli zilizoitwa Daudi, ambazo zimeendelea kuishi maabara duniani kote. Mwaka 1975 Eva Klein, Rolf Kiessling na Hans Wigzell wakawaeleza wauaji wa asili, mwaka ule ule ambao Ronald Herberman aliwaeleza kutoka Marekani. Wengi walikuwa wameudhani uuaji huo wa seli zisizofundishwa kuwa uchafu wa jaribio. Hawa waliuheshimu uchafu huo wakauchunguza.

Klas Kärre naye, pale pale Stockholm, alipendekeza kwamba muuaji hukagua alama za utambulisho juu ya kila seli, na akiikuta seli isiyo nazo huishambulia. Seli za Daudi hazina alama hizo juu yake. Hata hivyo wauaji waliotoka kwenye damu bila kuamshwa huwa hawazigusi sana. Wakikaa siku chache kwenye intalukini-2, huziangamiza. Kwa hiyo K562, ambazo hata muuaji asiyeamshwa huziua, hupima kama muuaji yupo, na Daudi hupima kama ameamka.

Seli za mgonjwa mwenyewe zina ugumu wake: uvimbe uliohifadhi alama za mwili ule ule huonekana kwao kama ndugu, na huuacha. Mwaka 2011 Maria Parkhurst na wenzake wa taasisi ya saratani ya Marekani waliwapa wagonjwa 8 wauaji wao wenyewe kwa wingi mkubwa. Seli zilijaa damuni, zikadumu wiki kadhaa, na hakuna uvimbe uliopungua. Waliandika hivyo, waziwazi, hata kwenye kichwa cha makala. Naihesabu makala hiyo miongoni mwa kazi bora za fani hii. Anayelipishwa pesa nyingi na kliniki inayomwahidi kupona kwa dripu ya seli zake anastahili kuonyeshwa ukweli huo kabla hajauza shamba.

Parkhurst na wenzake hawakuishia kwenye kushindwa. Walizitoa tena seli zile damuni wakazipima. Zilikuwa zimepoteza sehemu ya mikono ya kushikia adui, lakini mmoja ulibaki imara: ule unaodaka seli iliyokwisha kupakwa kingamwili. Huko Singapore, alikohamia Campana, wagonjwa wenye saratani zenye alama ya HER2 walipewa wauaji wao wenyewe pamoja na trastuzumab, kingamwili inayoipaka alama hiyo. Matokeo ya awamu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2020: mchanganyiko huo ulivumilika, na kazi ya kutafuta kipimo na aina ya uvimbe unaoukubali inaendelea.