Udhibiti, Ukaguzi au Masharti? Istilahi za Upungufu na Usimamizi wa Rasilimali za Ziwa Tanganyika katika Tafsiri ya Kiswahili

Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Uliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mamlaka iliyoundwa chini yake ina makao makuu Bujumbura, jiji ambalo wakazi wake wa Buyenzi na wachuuzi wa ndagala huelewana na wenzao wa Uvira, Kalemie na Kigoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha inayovuka ziwa kila usiku siyo lugha ya sheria inayolitawala ziwa. Pengo hilo huzibwa na tafsiri, nyingi zikiwa za haraka: za warsha, za mabango ya mialoni, za matangazo ya redio. Makala hii inahakiki istilahi chache za tafsiri hizo na kudai kwamba mfasiri, pale anapochagua neno, mara nyingi huamua pia nani alaumiwe.

Neno lenye matatizo makubwa zaidi ni lile linaloonekana jepesi kuliko yote: “control” la Kiingereza. Kifaransa kina “contrôle”, na sura za maneno haya mawili humfanya mfasiri aamini kuwa ni neno moja. Sivyo. Maana ya msingi ya neno la Kifaransa ni kukagua, kuhakiki kama jambo liko sawa. Neno la Kiingereza lina uzito wa kumiliki mwenendo wa kitu, kukishika hatamu. Warusi walilipokea neno hilo wakabaki na maana ya ukaguzi, na wafasiri wao wa Kiingereza hulazimika kutumia neno jingine kabisa, lenye maana ya kuongoza, kila wanapokutana na maana ya pili. Katika Ziwa Tanganyika mtego huo umekaa mpakani. Mfasiri wa Bujumbura anayeanzia Kifaransa huvutwa kuandika “ukaguzi wa uvuvi”. Yule wa Kigoma anayeanzia Kiingereza huandika “udhibiti wa uvuvi”. Wote wawili wamefasiri kifungu kimoja. Mvuvi wa kwanza anatarajia mtu atakayepima nyavu zake. Wa pili anatarajia doria.

Zaidi ya hayo, hakuna hata mmoja kati yao aliyeifikia maana ya kitaalamu. Wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1981 waliigawa kazi hii katika sehemu tatu: kufuatilia, yaani kupima juhudi za uvuvi na mavuno, “control”, yaani kanuni ambazo chini yake uvunaji unaruhusiwa, na kuangalia kama kanuni hizo zinatiiwa. Sehemu ya pili, basi, ni masharti. Ukaguzi ni sehemu ya tatu. Hati inayoita sehemu ya pili “ukaguzi” imeifuta kanuni na kumwacha mkaguzi peke yake, asiye na anachokikagua.

“Udhibiti” lina tatizo la namna nyingine. Katika matumizi ya kila siku kinachodhibitiwa huwa ni kibaya: kipindupindu, wizi, mfumuko wa bei. Ni kweli kwamba Kiswahili cha taasisi kimelisafisha neno hili, kwani Tanzania ina Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na hakuna anayedhani kwamba umeme ni janga. Lakini utakaso huo haujafika mwaloni. Pale, “kudhibiti uvuvi” husikika karibu sawa na kudhibiti wavuvi, na ujirani wake na “uvuvi haramu” katika bango lilelile hukamilisha mkanganyiko. Uvuvi haramu ni kuvunja sheria. Uvuvi wa kupita kiasi unaweza kufanywa na watu elfu wenye leseni halali na nyavu halali. Hati inayotumia istilahi ya kwanza mahali pa ya pili imegeuza tatizo la hesabu kuwa tatizo la polisi.

Hapa ndipo istilahi za upungufu zinapohitaji uangalifu. Wasemaji husema samaki “wameadimika”, “wamepungua” au “wamekwisha”, vitenzi visivyo na mtenda. Watunga sera hupendelea “kumalizwa”, chenye mtenda aliyefichwa lakini anayejulikana. Sayansi haijaupa upande mmoja ushindi wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto la ziwa, kunakozuia maji ya kina kirefu kupandisha virutubisho, kumepunguza uzalishaji wa kimsingi kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa takriban asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma mashapo ya sakafu ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hakuna kati ya tafiti hizi unaosema nyavu hazina lawama. Hata hivyo, mfasiri anayeandika “kumalizwa” katika kila aya amekwisha kutoa hukumu ambayo matini chanzi haikuitoa. “Kupungua kwa akiba ya samaki” ni tafsiri salama zaidi, na mtenda atajwe pale tu matini inapomtaja.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na nyenzo ya kueleza dhana nzima. “Rasilimali” ni neno la wafanyabiashara, kutoka Kiarabu, nalo ni mtaji: fedha ya kuanzia, isiyoliwa. Kinacholiwa ni faida. Mchuuzi yeyote wa soko la Bujumbura anajua maana ya kula mtaji, na hakuna fasili ya uvunaji endelevu iliyo sahihi kuliko hiyo. Matumizi ya kisasa yamelipanua neno hadi likawa jina la kila kitu, wakiwamo watu, na ukali wake umepotea.

Jambo kama hilo linaonekana katika istilahi ya kusimamisha uvuvi. Tanzania ilipositisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, msamiati ulisitasita kati ya “kufunga ziwa” na “kulipumzisha”. La kwanza ni la mwenye ufunguo. La pili lina mizizi katika kazi yenyewe: wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa kuwavuta samaki, husimama kila mwezi mbalamwezi inapokolea, kwa kuwa taa hazifui dafu mbele yake. Pumziko, basi, tayari limo katika kalenda yao. Hati za kikanda zitakazotaka kuongeza miezi mitatu juu ya siku hizo zitaeleweka haraka zaidi zikianzia hapo, mradi ziseme pia familia zitakula nini wakati huo, kwa maana kupumzika kwa mbalamwezi ni kwa siku chache.